Maziwa Yafurika Lwangilo

Mlio na masikio yategeni, na mlio na vyeo jifanyeni hamsikii, kama kawaida yenu.

Kuna nchi iitwayo Mbele kwa Mbele. Usihangaike kuitafuta kwenye ramani, na wala usianze kuitazama nchi yako kwa jicho la pembeni, maana sijasema kitu. Ni nchi yenye amani, yenye utulivu, na yenye Wizara ya Maziwa. Wizara hiyo iliundwa zamani, nchi ilipokuwa na ziwa moja. Ziwa lenyewe lilikauka, likawa tope, tope likawa vumbi, na watu wakapanda mtama mle ndani. Kwingine wangeifunga wizara. Mbele kwa Mbele wao wakaona kwamba ziwa likiondoka ndipo wizara inapotakiwa kuwa na nguvu, wakaiongezea watumishi. Wakati wa kisa hiki ilikuwa na mabaharia mia nne, boti kumi na mbili zilizoegeshwa juu ya matofali, Kurugenzi ya Mawimbi, na kikosi cha kuokoa wanaozama, ambacho kilipewa tuzo kila mwaka kwa sababu hakuna aliyezama.

Waziri wake, Mheshimiwa Nahodha Bulugu, alivaa kofia nyeupe yenye nanga, na aliogopa maji hata ya kuoga. Hiyo ilikuwa siri ya serikali, ingawa waliokaa karibu naye kikaoni walikuwa wameshaigundua kwa pua zao.

Mbali kabisa na wizara, huko Lwangilo milimani, aliishi mjane mmoja jina lake Tusekile. Watu walimwita Mama Anyisile, kwa jina la bintiye. Alikuwa na ng'ombe wawili na ulimi usio na breki, na hakuwa na kawaida ya kumpisha mtu njiani kwa sababu tu mtu huyo ana tumbo kubwa.

Zamani Lwangilo walikuwa na maziwa na hayakuwafaa kitu. Mchuuzi alikuja asubuhi na baiskeli na kopo lake. Kopo lilisemwa ni la lita moja, lakini lilikuwa limegongwagongwa kwa ndani hata likatoka kitambi. Bei alitaja yeye, tena bila kushuka kwenye baiskeli. Mvua ikinyesha haji, na maziwa yanachacha. Ya jioni ndiyo hayakuwa na mwenyewe kabisa, wakapewa mbwa, na mbwa wa Lwangilo wakawa wamenenepa kuliko walimu.

Siku moja msibani, maana msibani ndiko watu wote walikokutana bila kuitwa na mwenyekiti, Tusekile akawauliza wenzake swali. Mchuuzi ni mmoja, na sisi ni nyumba ishirini na tatu. Sasa nani anapaswa kumwogopa nani? Watu wakacheka, kisha wakaacha kucheka. Wakaanzisha ushirika. Wakauza mbuzi, wakauza mahindi, wakafunga mikanda miaka miwili, wakanunua tangi la kupozea maziwa. Halikuwa la mfadhili wala la mbunge, na ubavuni halikuwa na picha ya mtu. Lilikuwa lao. Mwenye ng'ombe kumi alikuwa na kura moja, na mwenye ng'ombe mmoja alikuwa na kura hiyohiyo moja.

Hapo mambo yakageuka. Maziwa ya jioni yakapata pa kulala. Malipo yakawa yanatolewa mkononi kwa yule aliyekamua, si kwa yule aliyekuwa amekaa kilabuni akisimulia alivyokamua, na wanawake waliokuwa wakiazima chumvi wakaanza kuazimwa wao. Ushirika ukaajiri bwana mifugo wake wenyewe. Huyu akiitwa alikuja siku hiyohiyo, jambo lililowafanya watu wa vijiji jirani wamshuku kuwa ni mchawi. Anyisile, ambaye ilikuwa aolewe akiwa na miaka kumi na sita, akaenda chuo cha uuguzi.

Kanuni zao zilikuwa nyingi, lakini moja ilikuwa na meno: maziwa hayatiwi maji. Kila asubuhi Tusekile, ambaye ndiye walimchagua kuwa mwenyekiti, alisimama mbele ya foleni na laktomita, kile kijiti cha kioo kinachoelea kwenye maziwa safi na kuzama kwenye maziwa yaliyochanganywa. Akipima, alitamka hukumu kwa sauti ili foleni nzima isikie. Siku alipofika Asangwile, mdogo wa marehemu mume wake, kijiti kikazama. Tusekile hakusema shemeji wala hakukohoa. Akasema, "Yana maji. Nimeyakataa," na maziwa yakamwagwa mbele za watu. Asangwile alinuna mwezi mzima. Aliporudi alirudi na maziwa safi, na tangu siku hiyo hakuna aliyechukia maji kumzidi yeye.

Sasa, mwandishi mmoja wa habari alipita Lwangilo, akapewa kikombe cha mtindi, akafurahi, akaandika. Gazeti likaweka kichwa cha habari kwa herufi kubwa: MAZIWA YAFURIKA LWANGILO. Chini yake, kwa herufi ndogo, yalielezwa mambo ya ng'ombe na tangi. Lakini Mheshimiwa Bulugu alisoma herufi kubwa tu. Za kusoma herufi ndogo alikuwa na watu, na watu hao nao walikuwa na watu wao.

Siku tatu baadaye msafara ukapanda mlima. Lilitangulia lori lililobeba boti, na boti ikakwama kwenye migomba ya watu, ikabidi migomba ikatwe kwa maslahi ya taifa. Wakafuata mabaharia waliovaa maboya, wazamiaji wawili wenye miwani ya majini, na bendi ya matarumbeta. Mheshimiwa akapanda juu ya kreti la soda.

"Ndugu zangu wananchi wa mwambao," alianza, akiwa mahali ambapo hata kufika kijitoni kulihitaji kushuka nusu saa. Akasema serikali sikivu haikulala kwa miaka kumi na moja tangu lile ziwa la kwanza likauke, na kwamba leo juhudi zake zimezaa maziwa, siyo moja bali mengi, na yanafurika. Kisha akaomba apelekwe ufukweni.

Watu wakatazamana. Tusekile, kwa kuwa ndiye mwenyekiti na kwa kuwa mgeni ni mgeni, akamwongoza hadi kwenye banda, akainua mfuniko wa tangi. "Mheshimiwa, karibu. Maziwa yenyewe ndiyo haya."

Waziri akachungulia. Ndani mlikuwa mweupe, mna ubaridi, na mna harufu nzuri. Hatimaye mzamiaji mmoja akashusha miwani machoni, akauliza kwa adabu kama azame sasa au asubiri wimbo wa taifa.

Hapo ndipo Tusekile alipocheka. Hakukusudia, jamani. Kicheko kilimtoka chenyewe, akakishika tumboni, kikamponyoka, akajiegemeza kwenye tangi machozi yanamtoka. Wakacheka wote wa nyumba ishirini na tatu, akacheka mpiga ngoma wa bendi, na hata dereva wa waziri akageukia ukutani mabega yakimtikisika. Mheshimiwa peke yake ndiye hakucheka. Alisimama, masikio yamekuwa mekundu chini ya kofia yenye nanga.

Katika nchi nyingine mtu angesema samahani, nilisoma vibaya, akapewa mtindi akaenda zake. Lakini Mbele kwa Mbele waziri hakosei. Kukosea ni kazi ya wananchi. Mwanasheria wa wizara akafungua begi, akatoa Sheria ya Maziwa, akasoma kifungu cha pili kwa sauti ya kanisani: "Maziwa yote yaliyomo ndani ya mipaka ya Jamhuri, makubwa kwa madogo, ni mali ya Serikali, na yatasimamiwa na Waziri kwa niaba ya wananchi." Akafunga kitabu. Akasema sheria haikutaja kama maziwa hayo yawe ya samaki au ya ng'ombe, na kwamba pale palipo na shaka, shaka ni mali ya Serikali.

Rangi ikamrudia Mheshimiwa. Akamtazama Tusekile, yeye tu, kwa muda mrefu.

"Kumbe mlikuwa na ziwa," akasema, "na mlikuwa mnalificha."

Basi tangi likapigwa rangi ya bluu na kuandikwa ubavuni: ZIWA LWANGILO. KINA MITA MOJA NA NUSU. MARUFUKU KUOGELEA. Baharia mmoja aitwaye Kwilasa akaachwa kulilinda, mtu mpole aliyetoka nyanda kavu na ambaye hakuwahi kuona wimbi. Kila keni ya maziwa ikahesabiwa kuwa chombo cha majini, ikatakiwa iwe na namba, taa na bendera. Kila mkamuaji akatakiwa avae boya. Ng'ombe walipoona watu wamevimba vifua na wana rangi ya chungwa walirusha mateke, na mzee mmoja akavunjwa jino, tukio lililoingizwa kwenye taarifa kama ajali ya kwanza ya majini baada ya miaka kumi na moja. Kikosi cha uokoaji kikaongezewa bajeti.

Lwangilo walivumilia hayo. Walipachika bendera kwenye keni, wakavaa maboya wakifika barabarani na kuyavua wakifika zizini. Kisha ikaja barua. Kwa kuwa huu ni msimu wa samaki kuzaliana, ilisema, Ziwa Lwangilo linafungwa kwa miezi mitatu ili lipumzike. Haliingizwi kitu, halitolewi kitu.

Tusekile aliisoma mara mbili, akakaa chini. Ng'ombe hafungwi kama duka. Usipomkamua, kiwele kinavimba, kinauma, kinapata ugonjwa. Ukiendelea kutomkamua, anakauka. Na ushirika ndio hivyohivyo. Miezi mitatu bila maziwa ni miezi mitatu bila pumba, bila dawa, bila bwana mifugo, na baada ya hapo hamna tena cha kufungua. Mchuuzi alikuwa ameshanusa habari. Baiskeli yake ilionekana barabarani, akipita taratibu, akipiga kengele pasipo na mtu wa kumpisha.

Alimwendea Kwilasa, akamweleza hayo kama mtu anavyomweleza mwenzake. Kwilasa akasema anaelewa, Mama Anyisile, hata kwao wana ng'ombe, lakini amepewa amri ya kupunguza kina kwa dharura tu. Kupunguza kina kwa dharura maana yake ilikuwa kukamua na kumwaga chini. Basi kila asubuhi Lwangilo walikamua na kumwaga chini. Wengine walimwaga macho yakiwa pembeni. Na yale yaliyokuwamo kwenye tangi, mashine ikiwa imezimwa kwa heshima ya samaki, yakaganda, yakatengana, yakaoza.

Tusekile akavaa kitenge chake cha harusini akaenda makao makuu.

Jengo la wizara lilikuwa na ghorofa tisa, na kila ghorofa ilikuwa na picha ya ziwa. Alitumwa chini, akatumwa juu, akaambiwa jalada lake limekwenda Mawimbi, akaenda Mawimbi akaambiwa limerudi Idara ya Kina Kirefu. Siku ya pili karani mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi akamwonea huruma, akamvutia kiti.

"Mama," akamwambia kwa sauti ya chini, "humu ndani hakuna asiyejua maziwa ni nini. Mimi mwenyewe nyumbani ninakamua. Ila kujua si kazi yetu."

Siku ya tatu Katibu Mkuu akampokea. Alikuwa mtu mwenye maneno laini na vidole vingi vya kugonganisha. Akasema Mheshimiwa hana kinyongo, ila moyo wake uliumizwa na kicheko. Mambo yanaweza kumalizika leo. Mama atie saini karatasi hii, ya kuomba radhi na kukabidhi tangi kwa wizara, nayo wizara italisimamia kwa niaba yao. Ziwa litafunguliwa kesho asubuhi, na wote wa nyumba ishirini na tatu wataandikishwa kuwa wanufaika.

Tusekile akauliza kama mnufaika ana kura.

"Mnufaika," akasema Katibu Mkuu, "ana kofia na fulana."

Kalamu ilikuwa mbele yake, na nzuri. Aliwafikiria ng'ombe wake wawili na viwele vyao. Alimfikiria Anyisile, ambaye alikuwa amebakiza mwaka mmoja chuoni, na hapo roho ilimuuma kweli, akakaribia kuishika ile kalamu. Lakini lile tangi hakulinunua peke yake, na hata angetaka kuligawa, alikuwa na kura moja tu.

"Mimi si mnufaika," akasema. "Mimi na wenzangu ndio wenye mali."

Katibu Mkuu akatazama mlangoni kwanza, kisha akamsihi kwa upole kwamba maneno hayo asiyarudie akiwa ndani ya jengo la serikali, maana kuna watu wana presha.

Alirudi Lwangilo mikono mitupu na kuwaeleza wenzake yote bila kupunguza. Wengine walimlaumu. Mzee aliyevunjwa jino alisema wazi kwamba mkubwa hashindwi, angesaini tu tumalize. Wakapiga kura. Kumi na tisa walikataa kusaini, wanne walikubali, na hao wanne wakawa wa kwanza kesho yake kuja kumwaga maziwa yao pamoja na wengine.

Ingeendelea hivyo hadi ng'ombe wakauke, lau Mheshimiwa asingekuwa na tabia ya kujisifu. Alikuwa ameshapeleka taarifa Ikulu kwamba katika uongozi wake taifa limepata ziwa jipya. Mkuu wa Wakuu, Mtukufu Baba, aliyetawala Mbele kwa Mbele tangu watu walipojua kuhesabu miaka, alifurahi kupita kiasi. Akatangaza redioni kwamba atakwenda mwenyewe kulizindua, na kwamba atapanda boti.

Boti haiingii kwenye tangi la kupozea. Mheshimiwa alilipima mwenyewe kwa kamba, mara tatu.

Wakaja mabaharia mia nne na majembe, wakachimba kiwanja cha mpira cha Lwangilo na kutandika maturubai. Msimu wa samaki kuzaliana ukafutwa kwa barua ya mstari mmoja. Watu waliokuwa wakiamriwa kumwaga chini sasa wakaamriwa kukamua mara nne kwa siku, na maziwa ya vijiji vinne yakaletwa kwa mtutu. Siku tisa walimwaga mle shimoni, chini ya jua. Siku ya tisa Mheshimiwa aliagiza baharia mmoja aingie apime kina. Maziwa yalimfika kwenye kifundo cha mguu.

Ndipo likaitwa gari la zimamoto.

Tusekile alisimama ukingoni na wenzake, akaona bomba linafunguliwa na maji yanaingia kwenye maziwa. Maji mengi, ya mtoni, ya kahawia, kwa saa mbili mfululizo. Kando yake Asangwile alikuwa analia wazi, mtu mzima na ndevu zake, wala hakujificha.

"Shemeji," akasema, "mimi nilitia kikombe kimoja tu."

Siku ya uzinduzi harufu ilisikika tangu bondeni. Nzi walikuja kutoka wilaya nyingine. Mtukufu Baba alifika na leso puani, nyuma yake mabalozi, na nyuma ya mabalozi kwaya. Boti ikashushwa, ikagota chini, mabaharia kumi na wawili wakaingia wakaisukuma kwa mikono huku mabonge ya maziwa yaliyoganda yakiwashika magotini. Mtukufu alizunguka mara moja akipunga mkono. Aliporudi ukingoni uso wake ulikuwa na wasiwasi, maana hakuwa mjinga kiasi hicho. Akasema angependa mwenyeji mmoja amthibitishie, mbele ya mabalozi, kwamba kile alichopanda ni ziwa.

Mheshimiwa Bulugu akamshika Tusekile kiwiko, akamnong'oneza sikioni, "Sema ndiyo, mama. Sema ndiyo tu, tangi lenu linarudi kesho. Nakuapia."

Akamsogeza mbele. Watu wote wa nyumba ishirini na tatu walikuwa wakimtazama. Neno moja, na jambo lingekwisha, na hakuna hata mmoja pale ambaye angemlaumu. Alilijua hilo. Aliinama ili alitamke lile neno akiwa karibu na maji, pengine aibu ingepungua. Lakini alipoinama mkono ukafanya ulichozoea kufanya miaka yote: ukaingia kwenye mfuko wa gauni, ukatoa laktomita, ukaichovya. Kijiti kikazama chote, kikagonga turubai.

"Yana maji," akasema, kwa ile sauti yake ya kila asubuhi. "Nimeyakataa."

Mheshimiwa akafumba macho. Kwilasa baharia akavua kofia, nadhani kwa ajili ya marehemu mtarajiwa.

"Umesemaje, mama?" akauliza Mtukufu Baba.

"Yana maji, Mtukufu. Yamejaa maji."

Uso wa Mtukufu ukafunguka. Akawageukia mabalozi, akanyoosha mikono yote miwili. "Mmesikia? Mwenyeji mwenyewe amepima kwa chombo cha kitaalamu. Yana maji! Na kama yana maji, nini tena hicho kama si ziwa?"

Makofi yakalipuka. Kwaya ikaanza. Tusekile alisema tena kwamba ameyakataa, akasema mara ya tatu kwa kupaza sauti, lakini matarumbeta yalikuwa yamekwisha kushika kazi na hakuna aliyemsikia ila Asangwile. Mheshimiwa Bulugu alivishwa nishani ya Wimbi la Dhahabu, daraja la kwanza. Alimshukuru Tusekile hadharani kwa ushuhuda wake wa kizalendo. Kesho yake akatimiza ahadi kwa jinsi yake: tangi lilipakiwa kwenye lori likapelekwa makumbusho ya taifa, chumba cha vyanzo vya maji, na nyumba ishirini na tatu zikaletewa kofia na fulana.

Tusekile alilia siku hiyo, na alikuwa analia kwa hasira. Alikasirika na waziri, akakasirika na Mtukufu, na zaidi akakasirika na ukweli wenyewe, kwa vile ulivyokubali kutumiwa.

Asubuhi iliyofuata alitoka kwenda bandani, kwa mazoea tu, maana hapakuwa na kitu ila alama za miguu ya tangi kwenye saruji. Akawakuta wenzake wamepanga foleni. Hakuna aliyemwita mwenzake. Walikuwa na keni zao, wamesimama, wanamngoja apime. Akatazama ile foleni mpaka mwisho, akaanza kupima.

Kisha wakashauriana. Chini ya mlima palikuwa na kijito kitokacho mwambani, maji yake baridi ya kuuma meno. Wakalaza keni za jioni humo, maji hadi shingoni, mfuniko juu, na asubuhi yalikuwa mazima. Si kama tangi. Migongo iliuma kwa kupanda na kushuka, na baadhi ya siku yalichacha, na Anyisile ilibidi aahirishe muhula. Lakini wanawake sita walipokezana kuyapeleka hospitali na shule ya bweni ng'ambo ya mlima, malipo yakarudi kuingia mkononi mwa mkamuaji, kura zikapigwa kila mwezi, na mchuuzi akaacha kupiga kengele. Hakuna aliyejiita ushirika tena. Walipoulizwa walisema ni majirani wanaosaidiana kubeba ndoo. Na katika lile Ziwa Lwangilo la taifa hakuna aliyetia hata tone.

Jua likafanya kazi yake. Wiki ya tatu ziwa lilikuwa utando wa njano uliopasukapasuka, na mbuzi wakawa wanalilamba.

Wizara ikaunda tume ya watu saba kuchunguza kutoweka kwake. Ilikuja na viti vyake, ikakaa ukingoni mwa shimo ikiwa imefunga pua, ikamwita shahidi mkuu wa uzinduzi. Mwenyekiti wa tume akamkumbusha Tusekile kwamba kukausha ziwa la Jamhuri ni uhaini, na kwamba lolote atakalosema litaandikwa kama lilivyo.

"Ziwa limekwenda wapi?"

"Limenywewa," akasema Tusekile.

Tume ikatazamana. "Lote?"

"Linanywewa kila siku."

"Na nani?"

Tusekile akaangalia ng'ambo ya mlima, ambako wale wanawake sita walikuwa wameshafika zamani, na watoto wa bweni walikuwa wameshaosha vikombe.

"Na wenyewe," akasema.

Katibu wa tume akaandika neno hilo kwa uangalifu, kwa herufi kubwa mwanzoni, kama yaandikwavyo majina ya watu, na Jumatatu hati ya kukamatwa ikatolewa nchi nzima. Anatafutwa mtu aitwaye Wenyewe, jina la baba halijulikani, jinsia haijulikani, anayeweza kunywa ziwa zima. Ni hatari, asisogelewe. Polisi wa Mbele kwa Mbele wanamsaka hadi leo. Wamewahi kukamata watatu waliodhaniwa ndiye, wakawahoji, wakawaachia, kwa kuwa hakuna hata mmoja aliyethibitika kumiliki kitu chochote nchini.